Shajara ya mradi: kutoa kumbukumbu za ghala kwenye Access na kuzipeleka kwenye seva

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo kamati imekubali. Tuna wiki 10 kabla mahindi ya msimu wa kwanza hayajaanza kuingia ghalani, na kufikia siku hiyo kumbukumbu zetu zote ziwe zimetoka kwenye faili la Access, programu ya Microsoft ya kutunza data kwenye majedwali, na kukaa kwenye seva, yaani kompyuta moja inayohudumia nyingine zote. Naandika hatua kwa hatua ili atakayeshika kazi hii baada yangu asilazimike kubahatisha. Najua pia kwamba maghala mengine ya ushirika huku mashariki yana faili linalofanana na letu kama mapacha.

Ghala letu liko Busia, upande wa Uganda. Mkulima akileta mzigo, karani wa mizani anapima uzito na unyevu na kumkatia stakabadhi. Mweka hazina, ambaye sote tunamwita Hajati, analipa kwa simu. Meneja anauza kwa wanunuzi ambao wengi wao wanavusha mpaka kwenda Kenya. Kompyuta ni tatu, na zote zinafungua faili moja lililomo kwenye folda ya pamoja. Limetutumikia miaka 11 na sina neno baya juu yake. Lilianza kama faili la mtu mmoja kwenye meza moja, kisha sisi tukalibebesha ghala zima.

Kilichotufikisha hapa ni jioni moja ya Januari. Malori yalikuwa kwenye foleni, karani na Hajati wote wanaingiza, umeme ukakatika. Jenereta ilipowaka, faili likakataa kufunguka. Tulilikarabati likafunguka, lakini mizigo 14 ya siku ile haikuwemo. Tulikaa mpaka saa nne usiku tukiiandika upya kutoka kwenye vishina vya stakabadhi, na wakulima wamejilaza juu ya magunia wakisubiri malipo yao.

Sababu yake inafaa ieleweke vizuri, maana ndiyo sababu ya mradi mzima. Faili la Access likikaa kwenye folda ya pamoja, katikati hapana msimamizi. Kila kompyuta inalifungua yenyewe, inavuta vipande kupitia mtandao, inavibadilisha, inavirudisha. Kompyuta ikizimika au waifai ikipotea wakati kipande kimeandikwa nusu, faili linabaki na jeraha. Kwenye seva, kompyuta ya karani haigusi faili hata kidogo. Inatuma ombi tu, na seva peke yake ndiyo inayoandika. Tena kabla ya kubadilisha lolote, seva inaliandika kwanza kwenye kumbukumbu ya mabadiliko. Ikizimika ghafla, ikiwaka inaisoma kumbukumbu hiyo, inakamilisha yale yaliyothibitishwa na kutupa yaliyoishia njiani.

Wiki ya 1, Alhamisi

Programu ya kutunza data kwenye seva nimechagua PostgreSQL. Nilipima pia SQL Server Express ya Microsoft, ambayo nayo ni ya bure na inaelewana vizuri na Access. Ila toleo hilo halina kipanga-ratiba chake cha kazi za usiku, na mimi nilitaka kila kitu, pamoja na mfumo wa kompyuta yenyewe, kisidai leseni. Seva yetu ni kompyuta kuukuu ya mezani iliyokuwa stoo, nimeifuta na kuiwekea mfumo wa bure wa Debian, RAM ya GB 8 na diski mpya ya SSD. PostgreSQL ilichipuka kwenye mradi ulioanza 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa umri huo, karibu kila tatizo nitakalokutana nalo limeshampata mwingine na jibu lake limeandikwa.

Fomu na ripoti zinabaki kwenye Access. Hili nililisimamia kikaoni. Karani wa mizani ni mama aliyekaa kwenye kiti kile tangu ghala lifunguliwe, na aliponiona naingia na laptopu alinishika mkono: "Mwanangu, usinibadilishie skrini. Mkulima akiwa mbele yangu sina muda wa kutafuta kitufe." Kwa hiyo skrini yake itakuwa ileile. Kila kompyuta itakuwa na nakala yake ya fomu, na nyuma yake majedwali yameunganishwa na seva kwa ODBC, daraja linaloiwezesha Access kuzungumza na seva.

Kwa atakayefuata: draiva ya ODBC ifanane na Access, siyo na Windows. Access yetu ni ya biti 32 ndani ya Windows ya biti 64. Niliweka draiva ya biti 64, Access haikuiona, na saa nzima ikapotea hapo.

Wiki ya 2

Hesabu ya vilivyomo. Majedwali ni 23, na tisa kati yake hayajaguswa kwa miaka. Faili lina ukubwa wa GB 1.6, na mwisho wa faili la Access ni GB 2. Tulikuwa tunakaribia ukuta bila kujua. Nilidhani ni mizigo ya miaka yote, lakini mizigo haifiki MB 90. Kilichojaza ni picha za vitambulisho vya wakulima zilizopachikwa ndani ya jedwali. Nimezitoa zote, kila moja nimeipa jina kwa namba ya mwanachama, nimeziweka kwenye folda ya seva, na ndani ya jedwali imebaki njia tu ya kuifikia picha.

Majina ya safu yalinichukua siku mbili. Tulikuwa na "Kg/Gunia", "Tarehe ya Kupokea" na "Tarehe ya kupokea2". PostgreSQL hugeuza jina lolote lisilo kwenye alama za nukuu kuwa herufi ndogo, na jina lenye nafasi au mkwaju lazima liwekwe kwenye nukuu kila linapotajwa. Nimeyabadilisha yote kuwa herufi ndogo na kistari cha chini: tarehe_kupokea, kilo_gunia. Kazi ya kuchosha, ila ukiiruka utailipia kwenye kila ulizo, yaani kila swali la kuvuta data, utakaloandika.

Jedwali la makundi, yaani mizigo inayokusanywa na kuuzwa pamoja, nimelishika kwa uangalifu kuliko mengine. Liliongezwa 2021. Machi mwaka huo Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na iliporuhusu tena siku chache baadaye ilitaka cheti kinachoonyesha kwamba sumu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Tangu hapo mnunuzi anauliza kundi hili limetoka kwa wakulima gani, na unyevu wake ulikuwa ngapi siku ya kupokelewa. Kikomo cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Kundi likipoteza uhusiano wake na mizigo iliyolijaza, hatuna la kumjibu mnunuzi.

Wiki ya 3

Namba za simu.

Safu hii ilitengenezwa kuwa ya namba, na namba haina sifuri mbele. Kwa hiyo 0 ya mwanzo ilidondoka kwa kila mkulima tangu siku ya kwanza. Mahali pengine ningeirudisha kwa amri moja. Hapa tuko mpakani. Wanachama wengi wana laini mbili, ya Uganda na ya Kenya, na simu za nchi zote mbili zikiondolewa sifuri hubaki tarakimu tisa, na nyingi huanza na 7. Kwa kuitazama huwezi kusema kama ni +256 au +254. Ukikosea, malipo ya msimu mzima yanakwenda kwa mtu usiyemjua.

Nilimuuliza Hajati amekuwa akijuaje. Akajibu kwamba anawajua watu wake: huyu ana laini ya ng'ambo, huyu hana, huyu laini yake ni ya mwanawe. Miaka 11 kinga yetu ilikuwa kichwa cha Hajati, na mwezi uliopita alilazwa kwa malaria siku nne. Siku hizo nne hatukulipa mtu.

Wanachama ni 1,140. Taarifa za malipo ya misimu miwili iliyopita zimethibitisha 978. Waliobaki 162 wanapigiwa simu mmoja mmoja na vijana wawili wa ofisi, au wanasubiriwa siku ya soko. Safu mpya ni ya maandishi, na seva nimeipa sharti: namba ianze na +256 au +254, kisha tarakimu tisa. Nyingine yoyote inakataliwa.

Namba za vitambulisho vya taifa zilikuwa rahisi zaidi. Zina herufi na tarakimu 14 na huanza na CM au CF, basi zenye urefu wa 13 au 15 zilijitokeza zenyewe. Nyingi zilikuwa na O palipostahili sifuri.

Wiki ya 4

Wiki hii nzima ni tarehe, na ndiyo iliyonifunza zaidi.

Nilipopanga mizigo ya 2019 kwa tarehe, nikaona mahindi yaliyopokelewa tarehe 7 Mei. Mvua za kwanza huku kwetu huanza Machi, na mahindi ya Mei bado yapo shambani yakiwa mabichi. Ghala halijawahi kupokea mzigo mpya mwezi wa Mei. Nikatafuta kishina: 5 Julai.

Kompyuta ya mizani ilikuja imepangwa Kimarekani, mwezi kabla ya siku. Karani akiandika 05/07/2019 akimaanisha tarehe tano ya mwezi wa saba, mashine ilisoma Mei 7. Akiandika 18/07/2019, mashine inaona hakuna mwezi wa 18, inageuza yenyewe kimyakimya na kupata jibu sahihi. Ndiyo maana hakuna aliyegundua. Tarehe zote kuanzia 13 hadi mwisho wa mwezi zilikuwa sawa, na zile za 1 hadi 12 zilipinduliwa. Ile tu ambayo siku na mwezi zinafanana ndiyo iliyopona. Kwenye kompyuta ya Hajati tarehe zilikuwa sahihi zote.

Hapa seva isingenisaidia. Tarehe 7 Mei ni tarehe halali na ingeipokea kwa moyo mweupe. Kilichonisaidia ni namba za stakabadhi. Vitabu vimechapwa kwa mfuatano, na karani hakati stakabadhi ya 2214 kabla ya 2213. Niliandika ulizo linalopanga mizigo kwa namba ya stakabadhi na kuonyesha kila mahali tarehe inaporuka nyuma au mbele kisha kurudi. Lilitoa mistari 640.

Ningeweza kuigeuza yote kwa amri moja kisha niendelee na mengine. Nilijaribu kwenye nakala, na 23 kati yake zikawa mbaya zaidi, kwa sababu ziliingizwa na Hajati siku ambazo karani hakuwepo. Basi tukashuka kwenye chumba cha vitabu, mimi na mzee wa ghala, alasiri tatu mfululizo. Yeye anafungua kishina na kusoma kwa sauti, mimi naweka alama. Vitabu vya 2016 vina harufu ya dawa ya fukusi na karatasi yake imekuwa ya njano, lakini mwandiko wa karani unasomeka vizuri kabisa. Mistari yote 640 imekaguliwa kwa karatasi.

Seva imepewa sharti jingine: tarehe isitangulie kufunguliwa kwa ghala wala isizidi siku ya leo. Na kompyuta ya mizani imepangwa upya.

Wiki ya 5, Jumanne

Leo nimewasha uhusiano kati ya mizigo na wanachama: kila mzigo lazima uwe wa mwanachama aliyepo. Seva ikakataa, na ina haki. Mizigo 41 ina namba za wanachama ambao hawamo kwenye orodha.

Kwenye faili la zamani uhusiano huo ulichorwa lakini hakuna aliyeweka alama ya kuusimamia. Mchoro ulionekana, kazi haikufanyika.

Wiki ya 5, Ijumaa

Kati ya 41, mizigo 29 ilikuwa makosa ya vidole, 1071 badala ya 1017 na mengine ya aina hiyo. Vishina vimeyamaliza. Minane ni ya watu waliojitoa chamani na walishalipwa. Nimewarudisha kwenye orodha wakiwa na hali ya "amejitoa".

Mmoja nataka kuuandika kwa kirefu.

Magunia 18, kilo 1,726. Kishina kina jina na alama ya kidole gumba. Mzee wa ghala alikishika, akanyamaza, kisha akasema, "Huyu ni yule mama wa upande wa Masafu. Alileta mahindi haya, hakurudi tena." Alifariki wiki mbili baadaye, kabla ya malipo. Mwaka uliofuata karani wa muda alisafisha orodha ya wanachama na kuwafuta waliofariki. Access ikamruhusu. Magunia yakabaki kwenye jedwali la mizigo bila mwenyewe. Kwa kuwa kila ripoti yetu ya madeni huanza na orodha ya wanachama na kushuka kwenye mizigo yao, magunia 18 hayakuonekana kwenye ripoti yoyote. Mahindi yaliuzwa pamoja na kundi lake na fedha ikaingia chamani. Hakuna aliyeiba, na kwa miaka sita hakuna aliyejua.

Nilipeleka karatasi kwa Hajati. Alizisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha kishina. Leo asubuhi tumekwenda naye sokoni kwa binti wa marehemu, anayeuza mukene, yaani dagaa, karibu na stendi. Hajati hakuzunguka: "Mwanangu, haki ya mama yako ilikuwa kwetu na hatukujua. Utusamehe kwa kuchelewa." Kamati italipa kwa bei ya msimu ule, na imeahidi kuzungumza juu ya nyongeza kwa miaka iliyopita. Mimi nimeomba iwepo.

Kuanzia sasa mwanachama hafutwi. Kuna safu ya hali: hai, amejitoa, amefariki. Mtu akijaribu kumfuta mwenye mzigo, seva inakataa.

Mizigo mitatu haina kishina wala mtu anayeikumbuka. Nimeipa jedwali lake, mizigo_bila_mwenyewe. Sitaibandika kwa mtu kwa kukisia ili hesabu ikae sawa.

Wiki ya 6

Data imeingia yote kwenye seva, na fomu zimeunganishwa. Matatizo matatu, kwa mpangilio yalivyonipata.

La kwanza, mzigo mpya wa kwanza ulikataliwa kwa madai kwamba namba yake ipo tayari. Ukihamisha mistari pamoja na namba zake za zamani, kihesabu cha seva hakijui, bado kiko kwenye 1. Lazima ukisogeze kwa mkono hadi namba kubwa kuliko zote, kwa kila jedwali. Amri yenyewe inaitwa setval.

La pili, visanduku vya ndiyo na hapana. Access huandika ndiyo kama -1, na PostgreSQL inakataa kulinganisha aina yake ya ndiyo/hapana na namba. Kila fomu iliyochuja kwa "imelipwa" iligoma. Draiva ina mipangilio ya kusaidia, lakini sitaki kitu kinachotegemea mipangilio ya kompyuta tatu. Nimezifanya safu hizo kuwa namba ndogo inayokubali 0 au -1 tu. Si nzuri kwa macho ya mtaalamu, lakini inafanya kazi sawasawa kwenye mashine zote.

La tatu lilimtisha karani. Aliingiza mzigo, akahifadhi, alipotaka kusahihisha uzito akaambiwa mtu mwingine ameubadilisha. Alikuwa peke yake ofisini. Kisa ni saa: seva ilihifadhi muda wa kuingiza hadi vipande vya milioni vya sekunde, Access haiwezi kushika udogo huo, kwa hiyo ikilinganisha ilichosoma na kilichopo inaona tofauti. Nimekata muda uishie kwenye sekunde nzima, na nimewasha kwenye draiva chaguo la kutambua mstari kwa toleo lake. Tatizo limekwisha.

Fedha zilikuwa kwenye aina ya namba zenye desimali za kuelea, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa kukaribia tu, na salio la watu kadhaa lilisoma 0.0000001 badala ya sifuri. Zote sasa ni namba za desimali mbili zinazohifadhiwa bila kukaribia. Shilingi yetu haina senti mkononi, lakini wanunuzi wa ng'ambo hulipa za kwao.

Wiki ya 7

Ripoti ya salio la wakulima wote ilichukua dakika nne, yaani mbaya kuliko zamani. Access ilikuwa inavuta jedwali zima kutoka kwenye seva, kisha inatafuta mwanachama mmoja mmoja kwa DLookup, amri yake ya kutafuta thamani moja jedwalini, mara 1,140. Nimeandika ulizo hilo upya likae upande wa seva, Access inapokea jibu tu. Sekunde tatu.

Umeme. UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, inazungumza na seva kwa waya wa USB. Chaji ikishuka, seva inajizima yenyewe kwa adabu. Hilo ni zuri, lakini nilitaka kuona hali mbaya zaidi. Jumatano jioni, kamati ikishuhudia, karani na Hajati waliingiza mizigo ya majaribio kwa kasi yao ya msimu, na mimi nikachomoa waya wa seva nyuma ya UPS. Nilifanya hivyo mara tano. Kila ilipowaka, tulilinganisha stakabadhi zilizotoka kwenye printa na zilizomo kwenye seva. Kila stakabadhi iliyochapwa ilikuwepo. Mzigo uliokuwa bado haujahifadhiwa haukuwepo, na ndivyo inavyopaswa, maana mkulima hakuwa amepewa karatasi.

Bekapu inachukuliwa saa tatu kila usiku kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kunakili data, inafungwa kwa pasiwedi, na nakala ya Jumamosi inakwenda nyumbani kwa Hajati kwenye flashi. Nimerudisha bekapu nzima kwenye laptopu yangu na kufungua ripoti juu yake. Bekapu ambayo haijawahi kurudishwa siihesabu.

Kila mtu ana jina na pasiwedi yake. Karani hawezi kugusa malipo, Hajati hawezi kugusa uzito. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inatudai kulinda taarifa za watu, na faili la zamani mtu angeweza kulinakili lote kwenye flashi kwa dakika mbili, pamoja na vitambulisho vya watu 1,140.

Wiki ya 8 na 9

Tunaendesha faili la zamani na seva kwa pamoja. Mizigo ni michache kipindi hiki, maharage na mahindi ya akiba, kwa hiyo karani amekubali kuingiza mara mbili. Kila jioni nalinganisha jumla.

Siku ya tatu jumla zilitofautiana kilo 6. Seva ilikuwa juu.

Mizani yetu inasoma kwa nusu kilo, na mfumo hukadiria mzigo hadi kilo nzima. Nilishuka mstari kwa mstari. Mzigo wa kilo 742.5: Access inasema 742, seva inasema 743. Mzigo wa 743.5: zote zinasema 744. Kumbe Access, nusu ikiwa katikati kabisa, huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu, mara juu mara chini. PostgreSQL, kwa aina hii ya namba za desimali zisizokaribia, huipeleka juu siku zote. Hakuna iliyokosea, ni kanuni mbili tofauti na zote zinajulikana.

Ningeweza kuilazimisha seva ifuate kanuni ya zamani na kunyamaza, lakini hili si langu kuamua. Nililipeleka kwenye kamati na mifano kumi kwenye karatasi. Mwenyekiti akauliza nusu kilo zilizokuwa zikishuka zilikwenda kwa nani. Nikasema zilibaki ghalani. Mzee wa ghala akasema kilo moja ya mahindi ni posho ya watoto usiku mmoja, nusu yake pia ni ya mtu. Wakapiga kura: nusu ni ya mkulima. Kwa hiyo kanuni ya seva imebaki, ikiwa sasa imeandikwa kwenye kitabu cha maazimio.

Wiki ya 10

Jumamosi jioni faili la zamani limefungwa liwe la kusoma tu. Jumapili nimehamisha mara ya mwisho, nimesogeza vihesabu, nimelinganisha jumla za kila msimu. Zinalingana isipokuwa pale tulipozisahihisha kwa makusudi, na orodha ya masahihisho yote ninayo, na kishina cha kila moja. Jumatatu saa mbili asubuhi karani alifungua skrini yake, akaitazama kidogo, akaanza kazi.

Wiki ya 13

Msimu umeanza. Jana malori yalipanga foleni hadi barabarani. Tumeweka kompyuta ya pili kwenye mizani, kitu ambacho faili la zamani lisingelistahimili, na makarani wawili wakaingiza kwa wakati mmoja. Saa kumi jioni umeme ukakatika. Ofisi ikawa giza, taa ya seva ikabaki. Jenereta ilipowaka, karani akafungua skrini, akanisomea namba ya stakabadhi ya mwisho kwenye kitabu na ya mwisho kwenye mashine. Ni ileile. Akamwita mkulima aliyefuata.

Simu za wanachama 9 bado hazijathibitishwa. Wanalipwa taslimu kwa sahihi mpaka zithibitishwe.

Mizigo mitatu isiyo na wenyewe ilisomwa kwenye mkutano mkuu: tarehe, idadi ya magunia, kilo. Miwili imepata watu, mmoja wao alikuja na stakabadhi yake aliyoihifadhi ndani ya Kurani. Wa tatu, magunia 4, kilo 371, bado uko kwenye jedwali lake. Fedha yake imetengwa, na utasomwa tena mwakani.